Sura Iliyolala Mezani: Mwongozo kwa Msimamizi wa Tasnifu

Ukitaka kujua hali ya usimamizi wa tasnifu katika idara yako, usianze na orodha ya wahitimu. Kaa dakika kumi na katibu muhtasi. Yeye ndiye anayejua nani alileta sura ya pili mwezi wa tatu ndani ya bahasha ya kaki, nani hupiga simu kuuliza "Prof yupo leo?", na nani alikuwa akipita kila wiki kisha akaacha kupita. Huyo wa mwisho ndiye wa kuhangaikia. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika vyuo vyetu, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hawafeli sana, wanapotea. Masomo ya darasani wanayamaliza, mitihani wanafaulu, pendekezo la utafiti linapita, halafu kimya. Ukifuatilia kimya hicho kilianzia wapi, mara nyingi utafika kwenye meza ya msimamizi, juu yake kuna sura ambayo haijasomwa.

Nayaandika haya kwa msimamizi, hasa wewe uliyetunukiwa uzamivu juzi na leo umekabidhiwa wanafunzi wako wa kwanza. Yako mengi yasiyo mikononi mwako: idadi ya vipindi unavyopangiwa, majarida ambayo maktaba haiyalipii, umeme. Lakini muda ambao sura ya mwanafunzi inakaa kwako bila kusomwa unaupanga wewe. Nadiriki kusema kwamba mwanafunzi mwenye msimamizi wa kawaida anayerudisha kazi ndani ya wiki mbili ana heri kuliko yule wa profesa mashuhuri anayeirudisha baada ya miezi mitano. Mengi yatakayofuata hapa yanatokana na imani hiyo.

Kabla hujasema ndiyo

Katika idara nyingi wanafunzi hugawanywa kikaoni. Hudhuria kikao hicho. Usipokuwepo utapewa kila mada iliyokosa mwenyewe, na jina lako utalikuta kwenye muhtasari likiwa limeshapitishwa. Ukiwepo unaweza kusema: mada hii siijui, apewe fulani.

Piga hesabu ya muda wako kwa ukweli. Sura moja ya kurasa 40 ikisomwa kwa makini na kuandikiwa maoni inakula siku nzima. Tasnifu ya sura tano, kila sura ikirudi kwako mara tatu, ni siku 15 za kazi kwa mwanafunzi mmoja. Ukiwa na wanafunzi wanane, ni siku 120. Hata ukizigawa kwa miaka miwili, ni siku 60 kila mwaka, na bado hujasahihisha mtihani hata mmoja wa shahada ya kwanza. Kama kanuni za chuo chako zimeweka ukomo wa idadi, uheshimu. Kama hazijauweka, jiwekee wa kwako. Posho ya usimamizi haitoshi kukufanya upokee mtu utakayemkwamisha.

Kisha ulizia maisha yake. Wengi wa wanafunzi hawa ni watu wazima wenye kazi na familia: muuguzi wa zamu za usiku, ofisa wa halmashauri, mwalimu wa sekondari Sumbawanga anayejilipia ada mwenyewe. Kenya walimu wengi wamesoma kwa mpango wa likizo, wakija chuoni Aprili, Agosti na Desemba. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "njoo kila Jumatano saa nne", umemkataa bila kutamka. Jua analipiwa na nani, ruhusa ya kazini inaisha lini, na ni miezi ipi hatashika kalamu kabisa kwa sababu ya mitihani ya taifa au bajeti ya halmashauri. Ratiba yenu ijengwe juu ya hayo.

Ukurasa mmoja wa makubaliano

Kikao cha kwanza kisiishie kwenye mazungumzo ya nadharia. Kabla hajaondoka muwe na ukurasa mmoja ulioandikwa, kila mmoja ana nakala. Vyuo vingi vina fomu zake za maendeleo ya mwanafunzi, lakini fomu hizo hujazwa mwishoni mwa muhula kwa ajili ya kurugenzi ya uzamili, tena kwa haraka. Ukurasa ninaousema ni wenu wawili.

Uandike tarehe ya kila sura, yaani tarehe yenyewe, si "mwanzoni mwa mwaka". Uandike kwamba wewe utasoma sura ndani ya wiki mbili na pendekezo zima ndani ya wiki tatu. Uandike pia jambo ambalo wasimamizi wengi hawalipendi: siku zikipita, mwanafunzi ana haki ya kukukumbusha, na akikukumbusha mara mbili bila jibu anaruhusiwa kwenda kwa mratibu wa uzamili wa idara bila kuonekana amekushtaki. Ukishaliandika mwenyewe, umemwondolea mzigo mkubwa wa hofu. Siku ikifika akakukumbusha, usinune.

Kazi itumwe kwa barua pepe. WhatsApp iachieni salamu, kupanga muda na dharura, maana maoni ya kitaaluma yakitolewa kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, nusu yatapotea na nusu atayakumbuka vibaya. Faili lipewe jina na tarehe. Ni jambo dogo mpaka siku utakaposoma kurasa 35 za faili liitwalo "Sura ya 2 mwisho kabisa mpya" ukaja kugundua kuwa ndilo la zamani.

Kama kuna msimamizi wa pili, mpigie simu kabla ya kikao, na kikao cha kwanza mkae wote watatu. Msipofanya hivyo, wa kwanza anataka hojaji na takwimu, wa pili anataka mahojiano ya kina, na mwanafunzi anageuzwa tarishi wa kubeba ugomvi ambao nyinyi wawili hamjawahi kuonana kuuzungumza. Mkubaliane nani anasoma kwanza na nani ana neno la mwisho kuhusu mbinu. Tofauti zikitokea baadaye, zimalizeni wenyewe kwa simu, kisha apate maoni ya aina moja.

Anaposema "Sawa, Prof"

Mwanafunzi wetu amelelewa kumwamkia mwalimu na kumsikiliza. Ataingia na "Shikamoo Prof", atakaa ukingoni mwa kiti, na kwa kila utakalosema atajibu "Sawa, Prof". Ukidhani sawa hiyo ni ya kuelewa, umekwisha. Mara nyingi maana yake ni kwamba amesikia na angependa kutoka. Wala si vijana peke yao. Utamkuta ofisa wa miaka 50 anayefokea watu ofisini kwake asubuhi. Mchana akija kwa msimamizi aliye mdogo kwake kwa miaka 15 anaufyata. Msimamizi kijana naye hujikanyaga kwa upande wake, anaona aibu kumkosoa mtu wa rika la baba yake mdogo, basi anasifu sura ambayo haifai. Mwamkie shikamoo aliyekuzidi umri, mkaribishe kiti, kisha mwambie wazi kwamba uchambuzi wake haujajibu swali la pili. Mambo hayo mawili yanaingia vizuri ndani ya dakika moja.

Acha kuuliza "Umeelewa?" Jibu lake unalijua. Uliza "Kesho utaanza na nini?" Akishindwa kujibu, kikao hakijaisha hata kama saa imekwisha. Halafu mpe kazi hii kila mnapokutana: usiku uleule akuandikie nusu ukurasa wa mlichokubaliana, nawe uusahihishe. Kuusoma kutakuchukua dakika tano, na hapo ndipo utakapogundua kwamba ulisema "punguza vijiji" na yeye akasikia "badilisha mkoa". Nusu kurasa hizo zikikusanyika, zitakulinda wewe pia siku mwanafunzi au seneti watakapouliza mlikuwa mkifanya nini miaka yote hiyo.

Mazungumzo hayo yawe kwa Kiswahili kama ndiyo lugha mnayoiweza zaidi, hata kama tasnifu itaandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo nje ya idara za Kiswahili. Mwanafunzi asiyeweza kueleza swali lake la utafiti kwa Kiswahili bado hana swali. Ana sentensi alizookota kwenye majarida. Na mahojiano yaliyofanywa kwa Kiswahili yachambuliwe kwa Kiswahili, yatafsiriwe yale tu yatakayonukuliwa. Kutafsiri saa 40 za mahojiano kabla ya kuanza kuchambua ni adhabu isiyo na kosa.

Yuko pia mwanafunzi anayekukimbia. Alikuahidi sura mwezi wa sita, hakuileta, akaona haya, na sasa anapita nyuma ya kantini asikutane nawe. Ukingoja aje, utangoja hadi usajili wake ufutwe. Mpigie: "Lete ulichonacho, hata kama ni kurasa tatu." Wengi hurudi kwa simu moja ya namna hiyo.

Maoni yanayosaidia

Fungua sura yoyote iliyorudishwa na msimamizi wa kawaida. Utakuta mistari myekundu, "Fafanua", "Chanzo?", "Haieleweki", alama ya kuuliza peke yake pembeni, na kurasa 20 za kusahihisha nukta na mkato. Ukurasa wa 21 kalamu imechoka. Mwanafunzi akirudi nyumbani anarekebisha nukta zote, anaongeza vyanzo viwili, na kuileta sura ileile. Nawe unakasirika kwamba hafanyii kazi maoni.

Chukua mfano. Mwanafunzi anachunguza kwa nini vituo vya maji katika vijiji vya Bahi, mkoani Dodoma, vikiharibika hukaa muda mrefu bila kutengenezwa. Sura yake ya kwanza inaanza kwa kusema maji ni uhai. Kisha tunapewa hali ya maji duniani, halafu barani Afrika, halafu kusini mwa Sahara, halafu Afrika Mashariki, tunashuka Tanzania, na Bahi tunaifikia tumeshachoka. Ni desturi tuliyowafundisha sisi wenyewe, na binafsi ningeipiga marufuku. Badala ya kuandika "Fafanua" mara 30 pembeni, mwandikie barua kama hii:

"Nimesoma sura yote. Swali lako la kweli nimelikuta ukurasa wa 11, unapouliza kwa nini kijiji kinachangisha fedha za maji na bado pampu inakaa miezi bila fundi. Lilete ukurasa wa 1. Kurasa 10 za mwanzo zipunguze ziwe 2. Pili, tangu mwaka 2019 maji vijijini yako chini ya wakala wa RUWASA, lakini umeeleza mfumo wa zamani kana kwamba bado unatumika. Anza na hilo, maana linabadilisha watu utakaowahoji. Lugha nimeigusa ukurasa wa 4 na 5 tu. Tazama nilichofanya hapo, ufanye vivyo hivyo kwingine. Sehemu ya mipaka ya utafiti ni nzuri, usiiguse. Niletee Ijumaa ya tarehe 14."

Barua hiyo inaandikwa kwa dakika 20. Inamwambia afanye nini kwanza, nini kinaweza kungoja, na nini asikiharibu. Hili la mwisho tunalisahau sana. Mwanafunzi asiyejua ni wapi amefanya vizuri hubadilisha kila kitu, na rasimu ya tatu inarudi mbaya kuliko ya pili.

Weka nakala ya kila barua, na kabla ya kusoma rasimu mpya soma barua iliyotangulia. Hakuna kinachomkatisha mwanafunzi tamaa kama kuambiwa Machi aondoe nadharia fulani na Septemba aulizwe kwa nini haipo. Ukibadili mawazo, na utabadili, sema umebadili na ueleze sababu.

Vibali, na mambo mengine ya kuyapanga mapema

Utafiti mwingi hukwama kwenye karatasi. Mtafiti wa Kenya anahitaji leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kabla ya kuingia uwandani. Tanzania Bara, barua ya chuo humpeleka mwanafunzi kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa watendaji wa kata na kijiji; utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha maadili, na taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ndiyo yenye mamlaka ya kitaifa katika hilo. Zanzibar ina taratibu zake, na barua ya Bara haitoshi. Vyote hivi viingie kwenye ule ukurasa wenu wa makubaliano vikiwa na tarehe, na maombi yapelekwe wiki ileile pendekezo linapopitishwa. Kanuni moja usiivunje wala usimruhusu aivunje: asikusanye takwimu hata siku moja kabla ya kibali kwa matumaini kwamba kitakuja. Mtahini wa nje akilinganisha tarehe, hakuna maelezo yatakayomwokoa.

Uandishi wa makala nao uzungumzwe mapema, kwa kuwa vyuo vingi sasa vinadai makala iliyochapishwa kabla ya shahada kutolewa. Nani ataandikwa wa kwanza? Kama kazi ni yake, ni yeye. Jina lako linaingia kwa mchango unaoweza kuueleza kwa sentensi moja. Kusoma sura zake ulishalipwa mshahara.

Kuhusu kazi za kuandikiwa, ziwe zimetoka kwa mtu wa duka la stationari pembeni ya chuo au kwa akili mnemba, asilimia inayotolewa na programu ya kukagua ufanano haikuambii mengi. Omba rasimu za katikati, daftari la uwandani, faili ghafi za sauti. Mwambie afunge kompyuta na akueleze jedwali la 4.3. Aliyeifanya kazi ataeleza, hata kwa kigugumizi.

Madaraka uliyopewa

Unaweza kumchelewesha mtu mwaka mzima kwa kutofungua faili, na hakuna atakayejua. Ndiyo maana mipaka inabidi iwe mikali. Usimtumie kusahihisha mitihani yako bila malipo wala kukufuatia gari gereji. Vikao vifanyike ofisini, mlango wazi, saa za kazi; si baa, si hotelini, hata kama wewe nia yako ni safi na umesafiri. Kumtaka mwanafunzi kingono ili asogee mbele si utovu wa maadili tu. Tanzania ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea malalamiko hayo. Ukiona mwenzako anafanya hivyo, maneno ya "tusimwaibishe" yatakuja haraka sana mdomoni mwa wakubwa. Msindikize mwanafunzi kwenye dawati la jinsia la chuo, au kwa mtu unayejua atalisikia.

Wasome pamoja

Usimamizi wa mtu mmoja kwa mmoja nyuma ya mlango ni urithi wa vyuo vya Ulaya. Haukulazimishi. AERC, muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika wenye makao Nairobi tangu 1988, imewaleta pamoja wanafunzi wa uchumi kutoka vyuo vya nchi mbalimbali kusoma masomo ambayo chuo kimoja kisingeweza kuyafundisha peke yake. CARTA, muungano wa mafunzo ya utafiti ulioanza 2008 kwa ushirikiano wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umewapitisha watahiniwa wa uzamivu kwa makundi katika semina nne, na umewanoa wasimamizi wao pia. Unaweza kuwa umesikia kwamba hayo ni mambo ya wafadhili. Lakini sehemu yenye faida kubwa ni ya bure: watu wa mwaka mmoja kusomeana.

Jumamosi moja kila mwezi, wakusanye wanafunzi wako wote, wa uzamili na uzamivu. Mmoja alete kurasa nne, asizidishe, wenzake wazisome palepale na kuzijadili saa moja. Wewe ongea mwisho. Utashangaa jinsi anayekuogopa wewe anavyomuuliza mwenzake swali lilelile alilolimeza ofisini kwako. Walio mbali waingie kwa simu, na kurasa zitumwe jana yake kwa sababu ya mtandao. Mwezi ambao hakuna mwenye kurasa nne, kutaneni vilevile. Utajua nani amekwama na nini.

Mwisho wa safari una foleni yake

Tasnifu ikiwasilishwa, wasimamizi wengi huona wamemaliza, kumbe ndipo kazi inapoweza kulala kwenye meza nyingine. Fomu ya nia ya kuwasilisha ijazwe mapema, maana ndiyo inayoanzisha utafutaji wa mtahini wa nje. Pendekeza watahini ambao umeshazungumza nao na wana muda. Baada ya hapo, piga simu kurugenzi ya uzamili kila mwezi kwa niaba ya mwanafunzi. Yeye akipiga ataambiwa asubiri.

Mfanyie utetezi wa majaribio, pawepo na mhadhiri mmoja asiyejua mada. Maswali yanayowaangusha watu huwa mepesi: kwa nini Bahi na si Chamwino? Kwa nini watu 60? Akipewa marekebisho, kaeni siku mbili baadaye na kutengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, kilichofanyika, ukurasa. Pale asipokubaliana na mtahini, aandike kwa adabu kwa nini hakubadilisha. Hilo nalo linaruhusiwa.

Limebaki jambo moja linalosahaulika kila mara. Siku utakapopata likizo ya utafiti, kuhamia chuo kingine, kustaafu, au kuteuliwa serikalini, kama inavyowatokea maprofesa wetu jina likisomwa kwenye taarifa ya habari usiku, wanafunzi wako watabaki na faili lisilo na mtu. Wiki hiyohiyo, kabla pongezi hazijakuzidi, mwandikie mkuu wa idara kuhusu kila mmoja: yuko sura ya ngapi, kibali chake kinaisha lini, barua yako ya mwisho ya maoni ilisema nini, na unapendekeza achukuliwe na nani. Ambatisha zile nusu kurasa zake. Kisha mpigie mwanafunzi mwenyewe, asiipate habari kwa katibu muhtasi.